Kifurushi cha Mtaa wa Nkrumah

Kifurushi kinachokwenda Masagati, katika bonde la Kilombero, hakifiki kimya kimya. Kinashushwa Mlimba kwenye treni ya TAZARA, au kinaletwa na basi kutoka Ifakara, kimezungushiwa selotepu na kamba ya katani, jina la mwenyewe limeandikwa kwa wino mzito na namba ya simu chini yake. Kabla mwenye mzigo hajaushika, kondakta ameshauliza umetoka kwa nani, kijana wa bodaboda ameshaupima uzito kwa mkono, na waliokaa kijiweni wameshakisia kilichomo. Ukifika nyumbani, watoto wanauzunguka. Hakuna anayesogea nyuma. Mtu akiona jina lake juu ya karatasi anaamini kwamba kuna aliyemkumbuka.

Imani hiyo ndiyo iliyotumika kumwua Eduardo Mondlane.

Ilikuwa Jumatatu, Februari 3, 1969, Dar es Salaam. Asubuhi hiyo Mondlane, rais wa chama cha ukombozi wa Msumbiji, FRELIMO, alipita ofisini kwake Mtaa wa Nkrumah, akachukua barua zake, akaondoka. Ofisi ile haikuwa mahali pa kusoma. Watu walijaa tangu mapema: wapiganaji waliotoka kambi ya Nachingwea, wakimbizi wenye shida, waandishi wa habari kutoka Ulaya, wanachama wenye malalamiko dhidi ya wanachama wenzao. Alipotaka utulivu alizoea kwenda Msasani, kwenye nyumba ya rafiki wa familia, mama wa Kimarekani, karibu na bahari. Huko ndiko alikoelekea. Akaketi na barua zake. Miongoni mwa barua hizo kulikuwa na kifurushi, na ndani ya kifurushi kitabu: maandishi ya Georgi Plekhanov, mwanafalsafa wa Kirusi, yaliyotafsiriwa kwa Kifaransa.

Aliyekituma alimjua anayemtumia. Mondlane alikuwa profesa kabla hajawa kiongozi wa vita, na kitabu kilikuwa zawadi ambayo asingeiweka kando mpaka jioni. Alikifungua, kikalipuka. Alikufa pale pale. Alikuwa na miaka 48.

Siku tatu baadaye alizikwa katika makaburi ya Kinondoni. Mwalimu Julius Nyerere alikuwepo, na mchungaji Mmarekani aliyekuwa rafiki wa Mondlane tangu siku za chuo ndiye aliyemhubiria. Wakati huo huo, makachero wa Tanzania walikuwa wakiokota vipande kwenye nyumba ya Msasani.

Ni vizuri kusimama hapa na kumtazama marehemu, kwa sababu msako wa muuaji wake hauelezeki bila kujua ni watu wangapi walikuwa na sababu ya kumchukia.

Eduardo Chivambo Mondlane alizaliwa Juni 20, 1920, katika wilaya ya Manjacaze, mkoa wa Gaza, kusini mwa Msumbiji. Alichunga mifugo utotoni. Shule aliipata kwa wamisionari wa Uswisi, na kila hatua iliyofuata aliipata kwa kuvuka mpaka. Alifika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, lakini mwaka 1949 serikali mpya ya makaburu ikamfukuza nchini. Mwaka 1950 alikuwa Lisbon, na baada ya hapo Marekani: Chuo cha Oberlin huko Ohio, alikomaliza mwaka 1953, kisha Chuo Kikuu cha Northwestern, alikopata udaktari wa falsafa. Alimwoa Janet Rae Johnson, binti wa Kimarekani, mwaka 1956. Kuanzia 1957 alifanya kazi Umoja wa Mataifa, New York, katika idara iliyoshughulikia nchi za udhamini. Tanganyika ilikuwa mojawapo ya nchi hizo, na katika miaka hiyo Nyerere alikuwa akienda New York kudai uhuru. Huko ndiko walikofahamiana.

Kwa hiyo Juni 25, 1962, vyama vitatu vya Wamsumbiji waliokuwa uhamishoni, UDENAMO, MANU na UNAMI, vilipounganishwa Dar es Salaam na kuzaa FRELIMO, Mondlane, wakati huo mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Syracuse, ndiye aliyechaguliwa kukiongoza. Makamu wake alikuwa mchungaji Uria Simango. Septemba 25, 1964, risasi za kwanza zikalia Chai, mkoani Cabo Delgado, ng'ambo ya mto Ruvuma.

Bonde la Kilombero halikuwa mbali na vita hivyo kama ramani inavyoonyesha. Ukipanda milima kutoka Masagati unatokea upande wa Njombe, na Njombe ndiyo njia ya kwenda Songea, ambako FRELIMO walikuwa na kituo cha kuvukia kuingia mkoa wa Niassa. Upande wa pili, Nachingwea na Mtwara zilihudumia Cabo Delgado. Kusini nzima ya Tanzania iligeuka ua wa nyuma wa vita. Wareno waliokuwa ng'ambo walilijua hilo, na walijua pia kwamba ua huo una nyufa.

Nyufa zilionekana wazi mwaka 1968. Machi ya mwaka huo wanafunzi wa Taasisi ya Msumbiji, shule iliyokuwa Kurasini chini ya usimamizi wa Mama Janet Mondlane, walifanya ghasia. Waliungwa mkono na padri aliyekuwa amehamia Dar es Salaam karibuni, Mateus Gwenjere, aliyepinga wasomi kupelekwa vitani na hakupenda kuona Wazungu wakifundisha pale. Mei 9 kundi la watu lilivamia ofisi za FRELIMO jijini, na Mateus Sansão Muthemba akapigwa mpaka akafa. Julai chama kilifanya mkutano mkuu wa pili Matchedje, ndani ya Niassa, ili kuonyesha kwamba kina ardhi ya kukanyaga. Mondlane alichaguliwa tena. Lázaro Kavandame, mfanyabiashara wa Kimakonde aliyekuwa kiongozi wa chama Cabo Delgado, alisusa mkutano huo. Yeye na wafuasi wake walitaka mkoa wao uwe na njia yake. Desemba, kamanda Paulo Samuel Kankhomba aliuawa baada tu ya kuvuka Ruvuma, na FRELIMO wakawanyooshea kidole watu wa Kavandame. Mwanzoni mwa Januari 1969 Kavandame akasimamishwa uongozi.

Mwezi mmoja baadaye kitabu cha Plekhanov kikafika Mtaa wa Nkrumah.

Mtu anaweza kuelewa, basi, jinsi mji ulivyonong'ona wiki ile. Kila aliyekaa Dar es Salaam alikuwa na muuaji wake. Ni Wareno. Ni Wamakonde wa Kavandame. Ni Simango, anayetaka kiti. Ni Warusi, kwa sababu kitabu ni cha Mrusi. Ni Wachina, kwa sababu wamegombana na Warusi. Ni Wamarekani, kwa sababu Wamarekani hawakosekani. Mondlane mwenyewe alikuwa ameitwa kibaraka wa Marekani na baadhi ya waliompinga, eti kwa sababu ya mkewe na kwa sababu taasisi ya Kurasini ilipata kusaidiwa na Ford Foundation. Wapelelezi walikuwa na mji uliojaa midomo, na katika midomo yote hiyo hapakuwa na ushahidi hata wa kujaza kibiriti.

Ushahidi ulikuwa kwenye vipande.

Mlipuko hauli kila kitu. Makachero wa Idara ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai walipata mabaki ya kitabu na mabaki ya mtambo uliokuwa ndani yake. Kisha ikaja bahati, kama neno hilo linafaa hapa: vifurushi vingine viwili, navyo vikiwa na vitabu vya Plekhanov, viligunduliwa kabla havijalipuka. Kimoja kiliandikiwa Marcelino dos Santos, mshairi na mmoja wa vigogo wa FRELIMO. Kingine kiliandikiwa Uria Simango. Sasa polisi walikuwa na kitu kizima mkononi, cha kufungua polepole, cha kupiga picha, cha kulinganisha na majivu ya Msasani.

Waliomba utaalamu wa Scotland Yard ya London na mtandao wa polisi wa kimataifa, Interpol. Na katika kila kilichokuwemo ndani ya vitabu vile, kilichosema zaidi kilikuwa betri.

Betri ni kitu duni. Dukani Ifakara unainunua bila kuitazama mara mbili, ya tochi au ya redio, na ikiisha unaitupa uani. Lakini kiwandani ilikotoka betri ina ukoo. Ina chapa ya aliyeitengeneza, na mtengenezaji ana daftari la aliowauzia, na huyo aliyeuziwa ana daftari lake. Betri za mabomu yale zilikuwa za Hitachi Maxell, kampuni ya Osaka, Japani. Wapelelezi wakauliza Japani: mzigo wa aina hii mliuza wapi? Jibu halikuwa Moscow wala Peking, na halikuwa Dar es Salaam. Mzigo ulikuwa umeuzwa Lourenço Marques, mji mkuu wa Msumbiji ya Wareno, ule ambao leo unaitwa Maputo.

Betri za dukani, zilizopita bandari mbili, zilifanya kazi ambayo mikutano yote ya mabalozi haikuifanya. Februari 1972, miaka mitatu baada ya mauaji, mwandishi David Martin alizianika habari hizo katika gazeti la Observer la London: njia ya bomu ilirudi nyuma mpaka kwenye mji uliokuwa mikononi mwa PIDE, polisi wa siri wa Ureno.

Na hapo njia ikafika ukutani.

Wamarekani, ambao historia yao ina wauaji wa kisiasa wengi, wamezoea msako wenye mwisho. John Wilkes Booth alimpiga Rais Abraham Lincoln risasi usiku wa Aprili 14, 1865, katika ukumbi wa michezo wa Ford jijini Washington. Alikimbia na mguu uliovunjika, akajificha msituni, akavuka mto Potomac kwa mtumbwi, na zawadi za jumla ya dola 100,000 zikitangazwa kwa atakayemkamata yeye na wenzake. Siku ya 12 askari wa farasi wakamzingira katika ghala la tumbaku huko Virginia, wakalitia moto, na sajini mmoja akampiga risasi. Julai 7 wenzake wanne wakanyongwa. Miaka 103 baadaye James Earl Ray alimwua Dk. Martin Luther King Jr. mjini Memphis, Aprili 4, 1968. Aliacha bunduki yake karibu na mahali alipofyatulia, ikiwa na alama za vidole, akatoroka Kanada, akapata pasi ya kusafiria kwa jina la mtu mwingine, akafika London. Kutoka London alikwenda wapi? Lisbon. Siku kadhaa za Mei 1968 muuaji wa Dk. King alizungukia bandari ya Lisbon akitafuta meli ya kumpeleka Angola, akiamini kwamba katika makoloni ya Wareno atapata kazi ya kukodiwa kupigana na hakuna atakayemtafuta. Meli haikupatikana. Alirudi London na Juni 8 akakamatwa uwanja wa ndege wa Heathrow. Machi 10, 1969, wiki tano baada ya mlipuko wa Msasani, alikiri kosa mahakamani na kufungwa miaka 99.

Ray aliota kwamba Ureno itamficha. Muuaji wa Mondlane hakuhitaji kuota.

Watu wa bonde la Kilombero wana kumbukumbu yao ya msako. Milima ya Udzungwa, ile inayoonekana kutoka reli ya Mlimba kila asubuhi ukungu ukipanda, ni sehemu ya nchi ambamo Wajerumani walimwinda Mkwawa tangu walipoiteka ngome ya Kalenga mwaka 1894. Waliahidi rupia 5,000 kwa kichwa chake, wakachoma mashamba, wakawatisha waliompa chakula. Julai 19, 1898, alipokaribiwa, alijipiga risasi mwenyewe, nao wakakata kichwa wakakichukua. Huo ni msako wa dola dhidi ya mtu: dola ina bunduki, ina pesa, ina muda. Msako wa mwaka 1969 ulikuwa kinyume chake. Waliosaka walikuwa makachero wa nchi iliyokuwa na miaka saba ya uhuru. Aliyesakwa alikaa nyuma ya jeshi, nyuma ya bahari, katika himaya iliyodai kwamba Msumbiji ni mkoa wa Ureno. Tanzania haikuwa na balozi wa kumtuma Lisbon wala mahakama ya kuomba mtuhumiwa aletwe. Na hata kama ingeomba, ombi lingepokelewa na polisi wale wale waliotuhumiwa.

Lakini bomu halikujituma. Betri zilionyesha mahali lilikozaliwa. Hazikuonyesha mkono uliolipitisha mpaka likakaa juu ya meza ya barua za rais. Mkono huo uliwezekana kuwa wa mtu aliyesalimiana na Mondlane kila siku. Hili ndilo lililowatafuna FRELIMO kuliko bomu lenyewe.

Majina yalitajwa. Kavandame, kabla masika ya 1969 hayajaisha, alivuka akajisalimisha kwa Wareno, ambao walimtumia kwenye propaganda yao, na kwa wengi huo ulikuwa ushahidi tosha. Silvério Nungu, aliyekuwa akishughulikia utawala katika makao makuu ya chama, alishukiwa, na mwaka huo huo alifia mikononi mwa FRELIMO huko Cabo Delgado. Chama kilisema alikataa kula; Simango alisema waliomshikilia ndio waliomwua. Uongozi ulipewa watu watatu kwa pamoja, Simango, Samora Machel na Marcelino dos Santos, na haukudumu. Novemba 1969 Simango alitoa waraka mkali wa kuwashutumu wenzake, akafukuzwa, na mapema mwaka 1970 akaondoka Tanzania. Machel akabaki kiongozi.

Ni lazima kusema wazi: Simango alikuwa mmoja wa watatu walioandikiwa vitabu vyenye baruti. Waliomshuku walisema hiyo ilikuwa hila ya kujisafisha. Inawezekana mtu akafanya hila hiyo. Inawezekana pia kwamba Wareno walitaka kuua viongozi watatu na wakafanikiwa kwa mmoja. Swali kama hilo lina mahali pake, nalo ni mahakamani, mbele ya mashahidi wanaohojiwa. Halikupelekwa huko. Uhuru ulipokaribia Simango alikamatwa, akalazimishwa kusoma hadharani maungamo marefu huko Nachingwea mwaka 1975, na baadaye akauawa kwa siri mkoani Niassa, yeye na Gwenjere na Kavandame na wengine, bila kesi. Familia zao hazikuoneshwa makaburi. Hasara ya kumpoteza Mondlane ilikuwa kubwa kiasi cha kumfanya kila mshukiwa aonekane mhalifu, na kila aliyeuawa kwa njia hiyo aliondoka na alichokijua kuhusu kifurushi cha Mtaa wa Nkrumah. Waliowaua waliufunga mlango ambao wapelelezi walikuwa bado wanaugonga.

Mlango mwingine ulifunguka Ulaya. Aprili 25, 1974, maofisa vijana wa jeshi la Ureno waliiangusha serikali, na umati wa Lisbon ukayazingira makao makuu ya PIDE. Nyaraka zikaanza kusomwa. Zilionekana ofisi za shirika la habari lililoitwa Aginter Press, ambalo habari zilikuwa kazi yake ndogo: lilikuwa kivuli cha majasusi na mamluki wa mrengo wa kulia waliofanya kazi na PIDE, wakiingia Afrika kwa vitambulisho vya uandishi. Na kadiri maofisa wa zamani walivyozeeka na kuanza kusema, jina moja lilizidi kujitokeza: Casimiro Monteiro. Óscar Cardoso, aliyekuwa ofisa wa PIDE, alidai kwamba Monteiro ndiye aliyehusika na bomu lililomwua Mondlane.

Monteiro alikuwa mzaliwa wa Goa, koloni la Ureno pwani ya India, na PIDE walimtumia kwa kazi ambazo hazikuandikwa. Iliyo maarufu zaidi ni ya Februari 13, 1965. Jenerali Humberto Delgado, aliyethubutu kugombea urais wa Ureno mwaka 1958 dhidi ya mtu wa dikteta Salazar, alivutwa mpaka mpakani mwa Hispania kwa ahadi kwamba atakutana na wapinzani wenzake. Alikutana na kikosi cha PIDE. Monteiro alimpiga risasi. Katibu wake, Arajaryr Campos, aliuawa naye. Maiti zilifukiwa karibu na kijiji cha Villanueva del Fresno na kugunduliwa miezi miwili baadaye. Polisi wa Hispania walifuata magari, pasi bandia na majina ya uongo mpaka mlangoni mwa PIDE, na pale, kama makachero wa Dar es Salaam miaka minne baadaye, wakasimama. Tofauti ni kwamba Ureno yenyewe, ilipobadilika, iliendesha kesi ya Delgado. Mwaka 1981 mahakama ya kijeshi mjini Lisbon ilimtia Monteiro hatiani, yeye hayupo.

Kwa Mondlane hapakuwa na kesi. Hakuna aliyewahi kusimama kizimbani, Dar es Salaam, Maputo wala Lisbon, kujibu shitaka la mauaji ya Februari 3.

Msumbiji ilijitawala Juni 25, 1975, miaka 13 kamili tangu FRELIMO kuundwa Dar es Salaam. Februari 3 ikawa Siku ya Mashujaa. Mabaki ya Mondlane yalitolewa Kinondoni yakapelekwa Maputo. Mwaka 1976 chuo kikuu cha nchi kikapewa jina lake, jambo lililomstahili mtu aliyekufa na kitabu mkononi.

Na kifurushi kikamfuata mpaka huko. Makaburu wa Afrika Kusini walikuwa wameshajifunza njia hiyo. Februari 1974 bomu la kifurushi lilimwua Abraham Tiro, kiongozi wa wanafunzi, alipokuwa mkimbizi Botswana. Mwezi huo huo jingine lilimwua ofisa wa chama cha ukombozi cha ANC mjini Lusaka. Agosti 17, 1982, Ruth First, mwandishi na mwanaharakati wa Afrika Kusini aliyekuwa akifundisha katika Kituo cha Mafunzo ya Afrika, alifungua bahasha yake ofisini. Alikufa hapo hapo. Ofisi hiyo ilikuwa ndani ya Universidade Eduardo Mondlane.

Safari hiyo waliotuma walijitaja. Baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, jasusi Craig Williamson alikwenda mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini, akaeleza sehemu yake katika mauaji yale, akaomba msamaha wa kisheria. Familia ya marehemu ilipinga. Mwaka 2000 akapewa. Watu wengi waliona uchungu, na walikuwa na haki ya kuuona. Hata hivyo binti za Ruth First walimwona mtu, walisikia sauti yake, mawakili wao walimhoji kwa siku nyingi na majibu yakaandikwa.

Casimiro Monteiro hakuhojiwa na yeyote kuhusu Msasani. Utawala alioutumikia ulipoanguka alikimbilia Afrika Kusini, kama walivyofanya wengi wa PIDE waliokuwa Lourenço Marques, na serikali ya makaburu haikumrudisha. Hukumu ya Lisbon ya 1981 haikumfikia. Oktoba 1992 serikali ya FRELIMO na waasi wa RENAMO walitia saini mkataba wa amani. Aprili 1994 Waafrika Kusini walipiga kura ya wote kwa mara ya kwanza. Kati ya matukio hayo mawili, mwaka 1993, Monteiro alifia Richards Bay, mji wa bandari kaskazini mwa Durban, kwenye pwani ile ile ya Bahari ya Hindi ambayo ukiifuata kwenda juu unapita Maputo, unapita mdomo wa Ruvuma, na unafika Msasani.